Fundi Nimefunga na Mguu wa Buti

Jina lake halisi ni Yoeli, na kwao Olmotonyi bado wapo wanaomwita hivyo, hasa mama yake. Mjini ukiulizia Yoeli fundi utaulizwa Yoeli yupi. Ulizia Nimefunga, utapelekwa mpaka mlangoni na mtu anayecheka njia nzima.

Jina lilimpata mwaka jana, Ramadhani na Kwaresma zilipoangukia pamoja. Gereji anayofanyia kazi iko mtaa wa Unga Limited, nyuma ya wauza mbao, na mwenyewe ni Jabiri, mzaliwa wa Ngarenaro. Jabiri alikuwa amefunga kama anavyofunga kila mwaka, hatangazi wala halalamiki. Yoeli ni Mlutheri, na tuseme ukweli, Kwaresma zake zote za nyuma zilikuwa za kuacha soda. Ila mwaka ule kulikuwa na Hanna. Hanna anashona nguo Usa River, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya, na alishawahi kusema mbele ya vijana wote wa usharika kwamba mwanaume aliyeshindwa na tumbo lake hana atakachokiweza. Yoeli akasikia. Akafunga, mchana kutwa, bila hata maji. Kilichobaki ni mtu amuulize tu.

Hakuna aliyemuuliza.

Sasa siku hiyo walikuwa wanabadilisha mkanda wa taimingi kwenye teksi ya Twahir. Kwa wasiojua: juu ya injini kuna shafti inayofungua na kufunga valvu, chini kuna krenki inayopandisha na kushusha pistoni, na mkanda ndio unaozifanya ziende pamoja kama kwaya na mwalimu wao. Ukitoa mkanda, shafti ya juu inaweza kuruka yenyewe. Ikiruka kidogo tu halafu ukavisha mkanda mpya hivyo hivyo, siku ya kuwasha valvu na pistoni zinakutana uso kwa uso, na hazisalimiani. Ndio maana kunakuwa na pini za kufungia. Unachomeka pini kwenye tundu lake, shafti inatulia, unafanya kazi yako kwa amani.

Jabiri alikuwa chini, kichwa kimezama kwenye nafasi ya tairi, juu haoni kitu. Yoeli alikuwa juu, pini mkononi, tumbo linanguruma.

"Umefunga?" Jabiri akauliza.

Yoeli akasikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu. Hatimaye.

"Nimefunga, kaka. Toka asubuhi."

Jabiri alishangaa kidogo hiyo "toka asubuhi", maana gari yenyewe ililetwa mchana. Lakini mtu mwenye swaumu habishani na vitu vidogo. Akavisha mkanda, akakaza. Twahir akapiga stata. Mlio uliotoka ulikuwa kama mtu kamwaga kapu la vijiko kwenye ngazi, halafu kimya.

Jabiri akatoka chini taratibu. "Si umesema umefunga?"

"Nimefunga," Yoeli akasema. "Hata maji sijanywa."

Injini ya Twahir ilifumuliwa yote, valvu zimepinda kama vidole vya bibi. Twahir hakugombana. Alifanya kitu kibaya zaidi: alitengeneza stika. Picha ya Yoeli kashika spana, midomo imekauka, na chini maandishi mekundu, NIMEFUNGA. Ikaingia kwenye magrupu ya madereva, ikaingia ya harusi, ikaingia ya usharika. Watu wanakataa chai nayo. Wapo Moshi wanaitumia mpaka leo na hawajui huyo chalii ni nani.

Jabiri hakumfukuza. Alimwambia breki utagusa, oili utabadilisha, taimingi usisogelee. Na neno lenyewe akalipiga marufuku. Kwenye gereji ile hakuna tena "umefunga". Unauliza "pini ipo?", na anayejibu anajibu akiwa ameishika.

Yoeli akaanza kuwa mtu wa ajabu. Chuma chochote anachokiona anakiwazia kama pini. Chumbani kwake Sakina, chini ya kitanda, kuna bolti, vipande vya bapa, spana zilizokatwa vichwa. Anakaa na tupa, anasugua, anapima, anasugua tena. Alitengeneza bapa lenye meno la kukaa katikati ya gia mbili za shafti zisizunguke. Alichukua biti za drili zilizokufa, akakata mikia yake, maana mkia wa biti ni duara safi, akapata pini za krenki. Anaweka yote kwenye kopo la maziwa ya unga, na Jabiri anachota humo kila akipata kazi ya taimingi. Vifaa vyake viliruhusiwa kuingia kwenye injini. Yeye hakuruhusiwa.

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresma zikagongana tena, na mambo yalikuwa yameenda mbele. Hanna alishakubali. Jumamosi wazee wa Yoeli walikuwa wanakwenda Makumira kujitambulisha kwa baba yake, Mzee Eliamini, mzee wa kanisa, mtu wa kahawa na migomba, mtu asiyependa mambo nusunusu. Mzee alimjua Yoeli kidogo, kama yule kijana fundi mwenye adabu. Shida ni kwamba alimjua na Nimefunga, ila kwa hadithi tu, maana simu yake ni ya vitufe, stika haioni. Twahir aliwahi kumbeba kutoka mjini, akampa hadithi yote njiani, na mzee akacheka mpaka akaomba gari isimame. Alipofika nyumbani akawasimulia tena, akamalizia, "Huyo mimi simpi hata baiskeli."

Hanna alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya.

Basi Jumatano Yoeli yupo gereji, simu ikalia. Ujumbe wa Hanna: "Baba analeta gari kwenu. Mkanda umechanika pembeni. Anasema atakaa hapo mpaka iishe. HAJUI ni wewe. Mtu akikuita lile jina mbele yake, Jumamosi hakuna."

Yoeli akatafuta cha kujibu. Simu ikampendekezea stika yake mwenyewe. Akaiweka mfukoni.

Gari ya mzee ni stesheni wagoni ya dizeli, ya Kizungu, aliinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Gari nyingi za mji huu zina alama kwenye puli, yale magurudumu yanayobeba mkanda, unalinganisha nukta na nukta maisha yanaendelea. Hiyo haina alama. Puli yake ya juu inaelea, ukilegeza bolti tu inazunguka inavyotaka. Bila pini huna hata pa kuanzia, na pini za kiwandani zinaagizwa mbali, mkanda usingezisubiri. Bahati nzuri Jabiri alishaambiwa mapema kwamba gari ya aina hiyo inakuja, bila jina la mwenyewe, na Yoeli alishaandaa pini mbili. Ya krenki ya mkia wa biti. Ya juu alikuwa ameisugua kutoka kwenye bolti.

Bahati mbaya Jabiri alidondoka na bodaboda wiki ile, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye vidole.

"Utafanya wewe," Jabiri akamwambia pembeni, sauti ya chini. "Mimi nasimama hapa. Ikipasuka injini hii, Nimefunga, breki pia sahau. Unarudi Olmotonyi ukachume kahawa."

"Kaka, leo usiniite hivyo."

"Najua. Nimejisahau."

"Usijisahau tena. Yule ni baba yake Hanna."

Jabiri akamwangalia mzee aliyekuwa anajichagulia kreti la kukalia, halafu akamwangalia Yoeli, halafu akafumba macho kama anaomba dua. Akapita kwa mafundi wengine mmoja mmoja akiwanong'oneza. Kila aliyenong'onezwa aligeuka ukutani kwanza amalize kucheka.

"Shikamoo mzee," Yoeli akasema.

"Marahaba. Ni wewe utakayefanya?"

"Ni mimi."

"Haya. Gari hiyo naipenda. Ifanye kama ya kwako."

Kazi ikaanza vizuri kiasi cha kutia wasiwasi. Kava zikatoka. Krenki ikazungushwa kwa mkono mpaka kwenye tundu lake, pini ya mkia wa biti ikazama bila maneno. Pini ya bolti nayo ikaingia juu. Mkanda wa zamani ukatoka, kingo zimechambuka kama sketi iliyokosa pindo.

Hapo ndipo teksi ya Twahir ikaingia.

"Oya, Nime..."

"Nimekuona," Jabiri akadakia. "Nimekuona Twahir, paki kule."

Twahir akashuka, akamwona mzee, akamwona Yoeli kainama kwenye injini, akaona nyuso za mafundi wote. Sio mtu mgumu wa kuelewa. Tabasamu likamtambaa taratibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe si yule wa teksi? Ile hadithi yako bana. Bado naisimulia."

"Ah, ile."

"Yule fundi bado yupo mjini?"

Twahir akautazama mgongo wa Yoeli. "Yupo, mzee. Yupo yupo."

"Wapi huko, nijue pa kukwepa."

"Hana sehemu moja. Anazunguka."

Akasogea kwenye injini kama anakagua, akamnong'oneza Yoeli sikioni, "Futari yangu mwezi mzima ni juu yako. Na sambusa ziwe za nyama."

"Toka hapa Twahir, nakuomba."

"Nitoke wapi? Nimekaa mstari wa mbele." Na akatoa simu.

Yoeli akavisha mkanda mpya. Akashika spana ya kukazia bolti ya puli ya juu. Kabla hajakaza, kwa mazoea ya yule mtu wa chini ya kitanda na tupa, akaishika pini ya bolti kwa vidole viwili akaitikisa.

Tik.

Akatikisa tena. Tik.

Sio kitu ambacho ungekiona. Jabiri alikuwa kasimama karibu kabisa na hakukiona. Ila Yoeli alijua imetokea wapi. Alipokuwa anasugua ile bolti upande mmoja aliula zaidi, ikawa duara ya macho, sio duara ya kweli. Pini ilikuwa inalegea unene wa ukucha, na shafti nayo inalegea hivyo hivyo. Akikaza hapo, injini ingeweza kuwaka ikatulia miaka yote. Au ingekuwa kapu la vijiko, mbele ya Mzee Eliamini, mbele ya simu ya Twahir.

Na akisema pini haifai, kazi inasimama. Mzee atauliza kwa nini. Mtu atacheka. Lile neno litatoka tu.

Akabaki kashika spana. Jasho likamtoka puani likadondokea kwenye injini. Mafundi wakaacha kugonga. Jabiri akamwangalia, "Vipi?" bila kutoa sauti.

Mzee akainuka kwenye kreti, akajinyoosha mgongo, akaja mpaka kwenye boneti. Hakuwa na nia yoyote. Aliona tu kijana kasimama muda mrefu na spana hewani.

"Kijana," akasema. "Umefunga?"

Mpaka leo hakuna anayejua aliulizia bolti au Kwaresma. Jabiri aliweka mkono wake mzima kichwani.

Yoeli alifungua mdomo, na lile neno la mwaka jana likamjia mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Sijafunga, mzee."

"Eh?"

"Pini ina mchezo. Nimeitengeneza vibaya upande mmoja. Nikikaza hivi, labda itawaka, labda itakufa. Sikazi."

"Mbona naona imekaa," Jabiri akasema.

"Imekaa kaka. Haijatulia."

Twahir alijitahidi. Wote waliokuwepo wanakubali kwamba alijitahidi. Ila kicheko kilimtokea puani, halafu mdomoni, akashika mlango wa gari asidondoke. "Mwaka jana nimefunga, mwaka huu sijafunga. Nime... jamani mtaniua."

Mzee akageuka kumwangalia Twahir. Akageuka kumwangalia Yoeli. Ungeweza kuona hadithi inavyopita machoni mwake kuanzia mwanzo, teksi, maji, vijiko, mpaka baiskeli. Kisha ikapita Jumamosi.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, mzee." Halafu kwa hofu akarudia, "Shikamoo."

Mzee hakuitikia.

Jamani, shikamoo isiyoitikiwa. Ilibaki pale hewani juu ya injini, kila mtu anaiona. Twahir mwenyewe aliacha kucheka.

"Sasa unafanyaje?" mzee akauliza.

Yoeli akaangaza macho. Bolti nyingine angeisugua, ila bolti ni chuma laini, tupa inaila unavyotaka na usivyotaka. Alitaka kitu kigumu, duara ya kiwandani. Macho yakaenda nyuma ya gari. Buti la mzee lilikuwa wazi, limeegemezwa na kijiti cha mti wa kahawa, maana ile miguu yake miwili ya gesi ya kuinulia mlango ilishakufa zamani.

"Mzee, naomba mguu mmoja wa buti lako."

"Mguu wa nini?"

"Wa buti. Umeshakufa, hauinui kitu. Ila fimbo yake ni chuma kigumu na imenyooka. Nachonga pini hapo."

Mzee akamwangalia kama anapima uzito wa gunia. "Mmoja tu," akasema, akarudi kwenye kreti lake.

Yoeli akaufungua, akakata ile fimbo kwa grenda, silinda hakuigusa. Ilikuwa nene kidogo kwa tundu. Gereji haina mashine ya kukereza, kwa hiyo akabana drili kwenye jiliwa, akaibana fimbo mdomoni mwa drili, akawasha izunguke, na tupa juu yake, pole pole, bila kukandamiza. Anazima. Anamwagia maji ipoe, maana chuma cha moto kinadanganya unene. Anajaribu kwenye tundu. Inagoma. Anawasha tena. Akaacha tupa akashika msasa. Anazima, maji, anajaribu. Inaingia ncha, inagoma. Hakuna aliyerudi kwenye kazi yake. Mzee alikuwa kakunja mikono.

Msasa tena, kidogo sana, kama anamfuta mtoto uso.

Pini ikaingia. Haikuingia kwa kulegea wala kwa kusukumwa, ilizama kama droo mpya inavyojirudisha. Yoeli akaishika kwa vidole viwili akaitikisa. Akasubiri ile tik. Haikuja.

"Kaka," akasema.

Jabiri akaweka kidole chake cha mkono mzima. Akakaa nacho. Halafu, kwa sauti ya kusikika gereji nzima, akalitoa neno ambalo yeye mwenyewe alilipiga marufuku.

"Umefunga?"

Yoeli hakukurupuka. "Pini nimefunga. Tumbo sijafunga, nimekunywa uji."

"Hapo sawa. Kaza."

Akakaza, huku kaishikilia puli kwa chuma kingine, maana pini sio ya kupokea nguvu, ni ya kuonyesha mahali. Akachomoa pini zote mbili. Sasa ilibidi krenki izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili, halafu pini zirudi kwenye matundu yake zenyewe. Zikirudi, umepatia. Zisiporudi, hujui kitu.

Akaweka racheti, akaanza kuzungusha. Mzunguko wa kwanza ukapita. Wa pili ukafika katikati, ukawa mzito. Ukawa mzito zaidi. Akasimama.

Hapo fundi yeyote anajua. Uzito ule unaweza kuwa hewa tu iliyobanwa na pistoni, na unaweza kuwa valvu imegusa pistoni, na ukilazimisha umeivunja kwa mkono wako mwenyewe. Yoeli akauacha mkono pale pale, hasukumi wala harudishi. Hewa huwa inavuja, ukiipa nafasi. Chuma hakivuji.

Akasubiri. Kwa wauza mbao msumeno ulikuwa unalia, ukanyamaza.

Racheti ikalegea chini ya mkono wake, pole pole, na ndani ya injini kukasikika pumzi ndogo, psss.

"Hewa," Jabiri akanong'ona.

Yoeli akamalizia mzunguko. Akachukua pini ya krenki, ikazama. Akachukua ule mguu wa buti, akakosa tundu mara ya kwanza, akalenga tena. Ukazama.

Wakarudisha kava. Jabiri akanyoosha mkono aombe funguo.

"Nawasha mwenyewe," Mzee Eliamini akasema.

Akaingia, akafunga mlango, akavaa hata mkanda wa usalama, sijui alikuwa anajiandaa na nini. Stata ikazunguka. Injini ikakohoa. Yoeli alikuwa kashika kile kijiti cha buti kwa mikono miwili, hajui alikiokota saa ngapi. Ikakohoa tena, halafu ikashika, ikatulia, ikaanza kunguruma chini chini.

Mzee akaisikiliza. Akakanyaga mafuta kidogo, akaachia. Akashusha kioo, akamtazama Yoeli.

"Marahaba," akasema.

Akarudisha gari nyuma mpaka getini, akasimama tena kidogo.

"Jumamosi mje mapema. Na wewe usije umefunga. Wamama watapika."

Mngetamani niseme jina liliishia hapo. Twahir alikuwa anarekodi muda wote. Kabla ya adhana ya magharibi stika mpya ilishaingia magrupu yote: Yoeli kashika spana, jasho puani, maandishi mekundu, SIJAFUNGA. Sasa hebu fikirieni, Kwaresma nzima, kwenye grupu la usharika, sura yako na neno hilo. Mchungaji alijibu kwa kidole gumba, na mpaka leo Yoeli hajui kidole kile kilimaanisha nini. Jumamosi Hanna alimwekea sahani ya kwanza mbele ya wazee wote, akamwuliza kwa upole kabisa kama atakula au vipi, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ile pini haikuingia kwenye kopo. Anatembea nayo kwenye funguo zake. Na buti la mzee bado linaegemezwa na kijiti, ila sasa Yoeli ndiye anayekichonga.

Haya, zamu yenu. Mliopachikwa jina kazini, shuleni au usharikani likagoma kutoka, shusheni hapo chini jina na siku lilipowanasa. Anzeni na lile ambalo wakwe hawalijui. Twahir ameahidi hatatengeneza stika, lakini mimi nisingemwamini.